Karatasi ya mnada, pembe zote nne

Mwezi huu barua tatu zimenifikia zenye jambo moja: kuagiza gari la mtumba kupitia wakala. Nilikaa miaka 19 kwenye ofisi ya wakala wa forodha pale Kurasini, kazi yangu ikiwa kutoa magari ya watu bandarini. Nimeona mtu akibusu boneti ya gari lake, na nimeona mwingine akikaa chini kwenye vumbi baada ya kufungua mlango. Barua ya Mwalimu nitaijibu kwa kirefu kwa sababu yeye bado hajatuma hela.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa. Nimepata mkopo wa SACCOS na ninataka gari dogo la familia, Toyota Ractis, lenye nguvu ya kupanda mlima wa Kitonga watu wakiwa wamejaa. Kuna kijana ameniunganisha na wakala anayenunua moja kwa moja kwenye minada ya Japani. Anasema mnadani bei ni nusu ya ile ya mtandaoni, nimtumie dola 2,600 naye atanitafutia gari kali. Ameshanitumia picha nne. Mke wangu anasema twende yadi Dar, tununue gari tunaloliona kwa macho. Je, njia hii ya wakala ni salama au nitapigwa? — Mwalimu, Iringa*

Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kwenda benki.

Wakala wa mnada ni njia nzuri. Mimi mwenyewe naipenda kuliko nyingine, ila lazima ujue unamlipa kwa kazi gani. Minada ya magari ya Japani haimuuzii mtu yeyote anayepita. Wanaopandisha bei ni wanachama, wafanyabiashara waliosajiliwa. Chukua mnada wa USS Tokyo, ambao uko Noda, mkoa wa Chiba. Unafanyika kila Alhamisi na unapitisha maelfu ya magari kwa siku moja. Gari moja linapata sekunde tu: watu wanabonyeza kitufe, bei inapanda, imekwisha, linakuja jingine. Hakuna anayelijaribu barabarani kwanza. Wanachotegemea ni karatasi moja iliyojazwa na mkaguzi wa mnada, mtu ambaye hajaajiriwa na muuzaji wala mnunuzi. Wewe uko Iringa, huna uanachama, na Kijapani hukijui. Kwa hiyo hela unayompa wakala ni ya macho yake, akusomee ile karatasi bila kuruka neno.

Sasa hiyo "nusu ya bei" mwambie akuandikie. Juu ya bei ya mnada kuna ada ya mnada wenyewe, gharama ya kulisafirisha gari mpaka bandarini Yokohama au Nagoya, nyaraka, na kamisheni yake. Hapo ndipo unapata bei ya FOB, gari likiwa limepakiwa melini. Ukiongeza nauli ya meli na bima mpaka Dar, hiyo ndiyo CIF. Dola 2,600 anazotaka ni zipi kati ya hizo? Barua yako haisemi, na nina wasiwasi kwamba yeye pia hajasema. Watu wengi waliokuja kaunta yangu wakilia walikuwa wamelipa FOB wakidhani ni CIF.

Mawakala nimewaona wa aina mbili. Mmoja anakutajia ada yake, kiasi kinachojulikana kwa kila gari, na gari likishanunuliwa anakupa ankara ya mnada uone limepatikana kwa yeni ngapi. Mwingine anakupa bei moja ya jumla na hataki uulize ndani yake kuna nini. Wa kwanza, gari likiwa baya, hapotezi chochote kukwambia tuliache, tusubiri Alhamisi ijayo. Wa pili anafaidika zaidi kadiri anavyolipata kwa bei ya chini, na mnadani bei ya chini ina sababu yake. Jua pia kwamba anayepeleka gari nje ya Japani anaweza kudai arudishiwe kodi ya matumizi ya kule, ambayo tangu Oktoba 2019 ni 10%. Ni haki yake kwa sheria za kwao, sina ugomvi nayo. Naitaja ili akikwambia "Mwalimu, hapa sipati kitu, nakusaidia tu," ujue kwamba anapata, na kwamba unaruhusiwa kuzungumza bei.

Nikueleze yaliyonikuta mwenyewe, maana mimi si wa kusimuliwa. Mwaka 2020 nilimwagizia mdogo wangu Noah ya biashara. Wakala hatukumjua sana, tulipewa na jirani. Akatuma tafsiri aliyoichapa mwenyewe: daraja 4, ndani safi, kilomita 88,000. Nikamwomba karatasi yenyewe ya mnada, akatuma picha. Nikaiona ina michoro na maandishi, moyo ukatulia. Gari likafika. Kwa nje linang'aa, injini inawaka mara moja, mdogo wangu anacheka. Mimi nikaingia kiti cha nyuma kabisa, nikavuta mkanda. Nikauvuta mpaka mwisho wake, pale ambapo hakuna abiria anayeufikisha. Kipande cha mwisho, kama urefu wa mkono mmoja, kilikuwa na rangi ya udongo, kimekakamaa kama kitambaa kilichokaushwa na matope yake. Nikainua zulia chini ya kiti: reli za kiti zimeota kutu ya unga, ile nyekundu inayobaki kwenye vidole.

Nikachukua namba ya chesisi nikalipia huduma ya kutafuta karatasi ya mnada kwa namba hiyo. Ikaja karatasi kamili. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyesoma Nagoya akanisomea. Pale pa daraja hapakuwa na namba, palikuwa na alama tu, maana yake halikupewa daraja. Na kwenye kisanduku cha chini cha maoni ya mkaguzi akanionyesha neno, akalitamka: *kansui*. Gari lililozama. Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kiliangusha mvua kubwa Japani, mito ikavunja kingo, na magari mengi yaliyofunikwa na maji yaliishia minadani. Mkaguzi alikuwa ameandika ukweli wote. Kumbe picha niliyotumiwa ilikatwa juu na chini, ikabaki katikati ile yenye mchoro wa gari. Mimi, mwenye miaka yote hiyo bandarini, sikuona kwamba karatasi haina kingo.

Noah ile ilifanya kazi miezi minne. Kisha taa za dashibodi zikaanza kuwaka zenyewe, dirisha likagoma, na mwishowe kompyuta ya injini ikafa njiani Chalinze ikiwa na abiria. Mdogo wangu aliuza kiwanja kulipa deni.

Ndiyo maana nakusihi, Mwalimu, usikubali tafsiri peke yake. Taka picha ya karatasi ya mnada yenyewe, pembe zake zote nne zionekane, na uipate kabla bei haijatajwa mnadani, siyo baada ya kulipa. Magari ya mnada hutangazwa mapema na karatasi zake, kwa hiyo anayekwambia karatasi haijatoka mpaka utume hela, achana naye.

Ikishafika, kuna vitu unaweza kuvisoma wewe mwenyewe bila Kijapani. Pembeni juu utaona daraja. 4 na 4.5 ni magari mazuri yaliyotumika kwa kawaida, 3.5 lina mikwaruzo na mabonyeo ya kuonekana, R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Herufi iliyo karibu na daraja, A mpaka D, ni hali ya ndani. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo na U ni bonyeo, na namba inayofuata ni ukubwa: A1 huioni ukiwa hatua tatu, A3 utaiona toka ng'ambo ya barabara. W ni sehemu iliyopigwa rangi upya, XX ni kipande kilichobadilishwa. Ukiona alama ya dola au ya nyota kando ya kilomita, mkaguzi hakuziamini. Mwaka huandikwa kwa hesabu ya wafalme wao: H ukiongeza 1988, R ukiongeza 2018. Kwa hiyo Ractis ya H28 ni ya 2016, ambazo ndizo za mwisho kutengenezwa.

Wengi humsikia wakala akitaja R wakakimbia. Mimi sikimbii moja kwa moja, nauliza kilichobadilishwa ni nini. Gari lililobadilishwa paneli ya mbele inayoshika rejeta si sawa na lililonyooshwa chesisi. Lakini kwa hela ya mkopo, ambayo utakatwa kwenye mshahara gari likiwa zima au bovu, tafuta 3.5 au 4 yenye ndani B, na mikwaruzo yake uikubali. Mikwaruzo haikuachi Kitonga.

Angalia pia mnada uko wapi. Gari la Sapporo au Niigata mara nyingi huwa la bei nafuu, na kwa juu unaweza kulipenda. Kule majira ya theluji barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hiyo hula chini ya gari: mabomba ya breki, egzosi, mikono ya shokomzoba. Mwambie wakala atume mtu siku moja kabla ya mnada, alale chini, apige picha. Ada ya kazi hiyo ni ndogo, ilipe kwa moyo mweupe. Akisema haiwezekani, basi unamlipa kwa macho ambayo hana.

Kodi usiisahau, maana huwa ndiyo inayowakwamisha watu baada ya gari kufika. Fungua kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA kabla hujachagua mwaka wa gari. Wanaangalia thamani waliyonayo wao, hivyo ankara ya bei ya chini haitakusaidia. Tuseme gari lako la cc 1,500 limethaminiwa shilingi 10,000,000 pamoja na nauli na bima. Ushuru wa forodha 25% ni 2,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, 5% ya jumla ya hivyo viwili, ni 625,000. Umri wa gari, ukiwa kati ya miaka 8 na 10 tangu litengenezwe, ni 15% ya jumla hiyohiyo, yaani 1,875,000. Halafu VAT ya 18% juu ya yote, 2,700,000. Umefika 7,700,000, na bado tozo ya reli, ada ya forodha, usajili na wakala wa kulitoa. Gari hilohilo likipita miaka 10, ushuru wa umri unakuwa 30% na jumla inapanda mpaka 9,912,500. Kwa hiyo Ractis ya 2014 inayoonekana rahisi mnadani inakusubiri na zaidi ya milioni mbili hapa bandarini. Rahisi huvunja upishi. Na kwa kuwa viwango huguswa kwenye bajeti ya kila Juni, hesabu upya wiki unayolipa.

Hela itume benki kwa benki, kwenye akaunti yenye jina lilelile la kampuni lililo kwenye profoma, ile ankara ya awali. Usitume kwenye simu ya kijana, wala kwenye akaunti ya "mhasibu wetu wa Dar". Amana kwanza, nyingine baada ya kuona ankara ya mnada.

Mama watoto ana haki ya kutaka kulishika gari kwa mkono, na yadi nyingi zina magari mazuri. Mpelekeni. Ila hata yadi, chukueni namba ya chesisi, iko kwenye bati la injini na huanza na jina la modeli, kama NCP120 kwa Ractis ya cc 1,500, kisha kistari na tarakimu saba. Tafuteni karatasi yake ya mnada kwa namba hiyo mkiwa bado mmesimama pale. Linganisheni kilomita za siku ya mnada na za kwenye dashibodi leo. Halafu mama avute mikanda ya nyuma mpaka mwisho.

*Mama, nisaidie haraka. Wakala wangu nilimlipa CIF yote mpaka Dar. Gari limeshafika wiki iliyopita, sasa anasema nauli ya meli ilipanda, niongeze dola 400 ndipo anitumie BL, ile hati ya meli ya kupokelea mzigo. Storeji, ada ya gari kukaa bandarini, inahesabika. — Mama Neema, Tabora*

Pole sana Mama Neema. Kama mkataba wenu unasema CIF, nauli iliyopanda ni mzigo wake, ndiyo maana ya neno hilo. Lakini aliyeshika BL halisi ameshika gari, kwa hiyo tuende kwa mpangilio.

Kwanza, je, unayo nakala ya BL? Angalia pale pa mpokeaji. Kama ni jina lako kamili na TIN yako, hawezi kirahisi kuliuza kwa mwingine na unaweza kubishana ukiwa umesimama. Kama ni jina lake, au imeandikwa "to order", hatari ni kubwa zaidi, usitukane mtu, ongea kwa upole na kwa maandishi. Nenda au mtume mtu kwa wakala wa kampuni ya meli hapa Dar na namba ya BL, uulize jambo moja tu: nauli imelipwa kule au haijalipwa? Kama BL imegongwa kwamba nauli imelipwa tayari, hadithi yake imekufa, mtumie picha hiyo. Kama kweli haijalipwa, mwambie alipe mwenye meli moja kwa moja na wewe uone risiti, usimpe yeye dola mkononi.

Usikae wiki mbili ukibishana kwa kukasirika. Piga hesabu ya storeji kwa siku, ukiona inakaribia kuzidi kile kinachogombaniwa, lipa kwa kuandika kwamba unalipa chini ya pingamizi, toa gari, kisha mdai. Najua inauma, nimewashauri hivyo watu wengi, na wachache walionikatalia waliona storeji ikipita dola 400 wakiwa bado wanasema wao wana haki. Haki walikuwa nayo kweli.

Na wanaosoma hii ambao bado hawajafika hapo: BL halisi kwa kawaida hutoka nakala tatu. Malizia malipo yako ya mwisho ukishaona nakala yake yenye jina lako, na halisi zitumwe kwa kurieri pamoja na hati ya Kijapani ya kufuta usajili, meli ikiwa bado njiani. Meli inachukua wiki nne mpaka sita, muda upo.

*Shikamoo Mama. Niko Voi, ninafanya uhasibu. Ajenti ameniletea Mazda Demio ya 2018, daraja 4, bei nzuri kuliko zote nilizoona. Anasema itapakiwa Yokohama katikati ya Novemba 2025 na nilipe wiki hii kabla haijachukuliwa. Niharakishe? — Msomaji, Voi*

Marahaba. Usilipe, na nitakwambia kwa nini bei ni nzuri.

Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025 linaloingia Mombasa lazima liwe la 2018 au baada yake, na kuanzia 1 Januari 2026 lazima liwe la 2019 au baada yake. Meli ikiondoka Yokohama katikati ya Novemba na kupita bandari nyingine njiani, inaweza kufika Desemba mwishoni, na inaweza kufika Januari. Ikichelewa siku chache tu, Demio yako haina ruhusa ya kuingia, na kuirudisha au kuipeleka nchi nyingine ni gharama yako. Wauzaji wa Japani wanaijua tarehe hiyo kuliko sisi. Kila Oktoba na Novemba magari ya mwaka unaokaribia kufungwa hushushwa bei ili yaondoke.

Sisemi ajenti wako ni mwongo. Inawezekana yeye mwenyewe anatumaini meli itawahi. Lakini kilicho hatarini ni hela yako. Mwambie akutafutie ya 2019, hata kama itaongezeka kidogo, na kwenye karatasi ya mnada uangalie mwaka wa usajili wa kwanza, kisha umwulize mwezi na mwaka wa kutengenezwa, maana KEBS, shirika la viwango la Kenya, hawataki miaka hiyo miwili iachane kwa zaidi ya mwaka mmoja. Usije ukachanganyikiwa na herufi: mwaka 2019 Wajapani walibadilisha mfalme, kwa hiyo mpaka Aprili gari litaandikwa H31, na kuanzia Mei litaandikwa R1. Yote mawili ni 2019, na yote yanaingia Mombasa mwaka 2026.